Disketi ya Imsakia

Siku waliponiaga kazini palikuwa na soda, sambusa, na hotuba ambayo nilidhani itazidi utumishi wangu wote kwa urefu. Mimi sikusema kitu, na wanaonijua hawakushangaa. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu mezani, kijana mmoja wa ofisi yetu ya mizigo, mzuri wa kazi na mwenye adabu, alinisogelea akaniuliza, "Mzee Karisa, ni kweli zamani hapa palikuwa na mzee wa Likoni aliyetia virusi kwenye kompyuta ili aangushe ndege?"

Nilimwuliza ameyasikia wapi. Akasema huambiwa wote wanaoanza kazi, siku ya mafunzo, ili waogope kuchomeka vitu vya nje kwenye mashine.

Ningetaka kumjibu palepale, lakini mimi maneno hunijia watu wakishakwenda zao. Ndiyo maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la saba tu na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mnivumilie. Mzee huyo alikuwa na jina. Aliitwa Athumani, mwenyeji wa Bofu, hukohuko Likoni, na ndiye aliyenifundisha kazi. Hakutaka kuangusha ndege yoyote. Nataka mjue ilivyokuwa, na mkiwafundisha wengine, muwafundishe hivyo.

Nilianza kazi kiwanja cha ndege cha Changamwe mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa kijana wa kupakia mizigo. Kwetu ni Kisauni. Baba alikuwa akivunja mawe kwenye timbo la Mwakirunge, na alitaka nimfuate huko, lakini mama alisema nyumba moja inatosha kuwa na mtu mmoja wa kukohoa. Kampuni iliyoniajiri haikuwa na ndege hata moja. Tulihudumia za wengine, hasa zile kubwa za kukodi zilizoleta watalii kutoka Ulaya wakiwa weupe na kuwarudisha wakiwa wekundu. Tumboni mwa ndege, wakati wa kurudi, tulipakia masanduku yao, na chini ya masanduku samaki wa barafu, pilipili na maembe.

Siku ya kwanza nilipewa ovaroli ya mtu aliyenizidi urefu sana. Niliikunja miguuni, nikafanya kazi bila kunyanyua uso. Nilikuwa naogopa watu kuliko mashine. Wakati wa chakula nilijificha nyuma ya matoroli ya mizigo, nikala mihogo yangu huko nisilazimike kuzungumza na mtu. Huko ndiko Ami Athumani aliponikuta. Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake ya kiua imekaa sawasawa, penseli imechomekwa sikioni.

"We ni wa nani?" akaniuliza.

"Naitwa Karisa."

"Jina sikukuuliza. Nimekuuliza wa nani."

Nikamtajia jina la baba. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba anamjua, ingawa baadaye niligundua hamjui.

"Na mbona wala kama mwizi?"

Akaketi chini kando yangu, akafungua karatasi yake ya mahamri, akanipa moja. "Haya," akasema, "tuwe wezi wawili."

Tangu siku ile nilimwita Ami, na yeye akaniita mwanangu, mimi Mgiriama wa Kisauni niliyekwenda kanisani Jumapili, yeye mtu wa msikiti wa Bofu aliyevuka feri kila asubuhi. Baada ya muda aliniombea nihamie ofisini kwake. Wenzangu waliuliza kwa nini amchukue huyu asiyefungua mdomo. Alisema ndiyo sababu.

Ofisi yake ndiyo iliyoandaa karatasi ya uzito. Nyinyi mnaijua, ila kwa ajili ya wengine nitaeleza. Kabla ndege haijaondoka, mtu mmoja lazima ajue ndege tupu ina uzito gani, mafuta ni kiasi gani, abiria ni wangapi, mizigo ni kilo ngapi, na kila kitu kimekaa wapi, mbele au nyuma. Rubani huisoma karatasi hiyo, akaweka sahihi, ndipo akaondoka. Ami alinifundisha kwa rula. Aliilaza juu ya penseli, akaweka kifutio upande mmoja na kipande cha halua upande wa pili, akavisogeza mpaka rula ikatulia.

"Lori ukilijaza nyuma litanung'unika, lakini litakwenda," akasema. "Ndege hainung'uniki, mwanangu. Inakwenda nawe mpaka mwisho wa barabara, kisha ndiyo inakwambia." Halafu akala halua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: penseli ngumu, rula ya chuma, kikokotoo chenye mkanda wa karatasi, na chati ya kila aina ya ndege iliyobandikwa kwenye ubao. Kifutio kilikuwepo kwa ajili ya somo la rula tu. Ukikosea namba, unachukua karatasi mpya na kuanza upya, kwa sababu Ami alisema namba iliyofutwa huwa bado iko pale. Yeye alisoma namba kwa sauti, mimi nikazirudia, kisha tukabadilishana. Watu waliopita mlangoni walidhani tuko chuoni tunahifadhi Kurani.

Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani ukikaribia mwisho, aliwaandikia watu wa msikiti wake imsakia, yaani ile ratiba ya Ramadhani inayoonyesha kila siku wakati wa kuacha kula alfajiri na wakati wa kufuturu magharibi. Aliiandika kwa mkono, nakala baada ya nakala, kwa wino wa rangi mbili, na hakuchukua kitu. Mwezi huo nyumba nyingi za Bofu zilikula na kuacha kula kwa mwandiko wa Ami Athumani. Mimi mwenyewe nilikuwa na moja ukutani Kisauni, na mama akaniuliza kama nimesilimu. Nilimwambia ni kwa sababu ya uzuri wake.

Kompyuta ililetwa miaka ya tisini ilipoanza. Ilikuwa kubwa, ina rangi ya maziwa yaliyokaa, na printa yake ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Tulifundishwa wiki moja. Mimi nilidhani Ami ataikataa, lakini aliipenda kuliko sisi sote. Alipiga kwa vidole viwili, miwani kwenye ncha ya pua, na kila hesabu ilipotoka alicheka.

"Wallahi hii ina akili kuliko meneja," alisema siku moja.

"Nimekusikia, Athumani," meneja akajibu kutoka chumba cha pili.

"Nimesema akili tu, bwana. Sura umeishinda."

Siku hizo hatukuwa na sharti lolote kuhusu disketi. Kila mtu aliyekuwa na disketi aliiingiza. Makarani walikuwa na za michezo, na jioni kazi ikipungua kulikuwa na foleni ndefu ya kucheza kuliko ya kuweka sahihi ya kutoka. Ndege zote tulizozihudumia, uzito wake na vipimo vyake, vilikuwa ndani ya mashine hiyohiyo. Leo likisemwa linaonekana jambo la wazimu. Wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba mashine inaweza kuambukizwa.

Shaabani ilipofika, meneja mwenyewe alimwambia Ami, "Mbona unaumiza vidole? Ipige imsakia yako kwenye kompyuta, printa si ipo?" Mimi nilikuwa nimesimama pale. Ami akaipiga imsakia, akaitia kwenye disketi, akaandika juu ya disketi neno "Ramadhani" kwa herufi za Kiarabu. Kisha akaipeleka Bofu ikakaguliwe nyakati zake, kama alivyofanya kila mwaka kwa zile za mkono. Aliyeikagua alisahihisha dakika za alfajiri na kuirudisha. Ami akaiingiza tena kwenye mashine yetu, akatoa nakala. Meneja alichukua fungu zima akawagawia madereva na wapakiaji Waislamu, akasifiwa sana kwa wema huo.

Siku chache baadaye, Ami aliniita. "Karisa, ndoo uone. Herufi zateleza."

Nikaja. Kwenye kioo cha kompyuta herufi zilikuwa zikidondoka moja moja kutoka mahali pake, zikajilundika chini kama mchanga. Makarani wote walikuja, tukacheka. Mmoja alisema ni umeme. Tukaizima, tukaiwasha, ikawa nzima. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyojitambulisha, na sisi tuliupokea kama kichekesho.

Ndege ambayo karatasi yake ilikataliwa ilikuwa ya watalii, ya mchana, ndani ya mwezi uleule wa mfungo. Karatasi ya uzito ilitoka kwenye printa safi, mistari imenyooka. Ilionyesha bado kuna nafasi, kwa hiyo makasha ya samaki ambayo yangebaki yaliingizwa yote tumbo la nyuma. Ami alikwenda mwenyewe kumpelekea rubani, nami nikamfuata na nakala. Rubani alikuwa Mzungu mtu mzima, mzoefu wa Mombasa, mwenye Kiswahili cha hotelini. Akaisoma. Akarudi juu, akaisoma tena.

"Rafiki," akasema, "hii hapana. Ndege yangu si nyepesi hivi. Ndege yangu mimi najua."

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ule wa uzito wa ndege tupu. Namba haikuwa yake. Kompyuta ilikuwa imeibadilisha, na kwa kuwa ndege ilionekana nyepesi, sisi tuliijaza. Niliuona uso wa Ami ukibadilika, kama mtu aliyepigiwa kelele na mtoto wake mwenyewe. Aliketi kwenye ngazi ya ndege, akaomba karatasi tupu, akatoa penseli sikioni, akaanza. Alisoma namba, nikazirudia. Makasha yakashushwa. Ndege ikaondoka ikiwa imechelewa, na ikafika salama. Hakuna aliyeumia. Abiria walilalamikia kuchelewa tu, na sijui kama yupo hata mmoja aliyepata kujua.

Fundi wa kompyuta aliletwa kutoka Nairobi. Aliitwa Mwangi, kijana mpole mwenye mkoba. Aliipima mashine, akasema ina virusi. Neno hilo miaka ile lilikuwa la maradhi mabaya tu, basi ofisi ikaingia wasiwasi. Mfagiaji aliifuta kompyuta kwa dawa ya vidonda. Askari wa mlangoni alikataa kupokea kalamu ya mtu yeyote wa ofisi yetu. Mwangi akaeleza kwamba ni programu mbaya iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, pengine nchi za mbali, na husafiri ndani ya disketi bila mwenye disketi kujua. Kisha akasema, "Nileteeni disketi zote zilizowahi kuingia hapa."

Ndipo nikaona jambo ambalo sijalisahau. Droo za makarani zilizokuwa zimejaa michezo zilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa na disketi, hakuna aliyewahi kuwa nayo. Ami Athumani peke yake aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa yake, akaiweka mezani.

"Hii ni yangu," akasema. "Na niliiingiza mimi."

Ilikutwa na ugonjwa uleule. Kama ilikuwa ya kwanza kuuleta, au iliupata humo ndani kutoka kwa mojawapo ya zile zilizotoweka, hakuna ajuaye mpaka leo, na Mwangi alilisema hilo wazi. Lakini disketi iliyokuwa mezani ni moja.

Miaka ile kulikuwa na vurugu za siasa Mombasa, na mtu wa kofia na kanzu alitazamwa kwa jicho jingine. Ndege, kompyuta, na disketi yenye maandishi ya Kiarabu: maofisa wa usalama walipoelezwa hivyo, hawakufikiria imsakia. Walimchukua Ami siku hiyohiyo, akiwa bado na saumu yake. Nami niliitwa kesho yake kueleza ninachojua, nikaketishwa kwenye benchi chumba kilekile alichokuwa akihojiwa. Ofisa alikuwa amekaa na karatasi iliyotolewa kwenye ile disketi.

"Mzee, hizi saa ni za nini?"

"Ni saa za kuacha kula, bwana. Na hizi za kufungua."

"Zina dakika. Kwa nini ziwe na dakika?"

"Kwa sababu watu wana njaa."

"Usinichezee. Kwa nini zinabadilika kila siku?"

"Muulize jua, bwana. Mimi naandika tu."

Mwingine angecheka. Ofisa aliandika. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililomwangusha Ami: disketi ilipotoka mkononi mwake kwenda Bofu, ilikuwa kwa nani?

Ami akasema, "Iliondoka mkononi mwangu ikarudi mkononi mwangu. Nihesabieni mimi."

"Tutajie mtu mmoja tu, uende nyumbani ukafuturu."

"Nitafuturu hapahapa. Tende ninayo."

Walimwachilia baada ya siku kadhaa, kwa sababu hawakupata kitu. Halafu kampuni nayo ikaitisha kikao chake. Mwangi alisema kweli: ugonjwa huu umeenea dunia nzima, na mzee huyu hana ujuzi wa kuutengeneza hata angetaka. Meneja alisema hakuna aliyeruhusiwa kutumia mashine kwa mambo ya nje ya kazi. Niliposikia hivyo nilisimama. Sauti yangu ikawa nyembamba kama ya mtoto, lakini ilitoka. Nilisema meneja ndiye aliyemwambia aipige kwenye kompyuta, nami nilikuwapo. Nilisema alichukua fungu akagawia watu, na nusu ya wapakiaji wanaweza kuitwa waulizwe.

Meneja hakunitazama. "Sikumbuki," akasema.

Wapakiaji hawakuitwa. Tulipotoka nje Ami alinishika bega. "Mwanangu, leo umesema mpaka mimi nimeogopa," akasema, akijaribu kucheka. Uamuzi ulikuwa kwamba hakukuthibitika nia mbaya, lakini kwa kuwa amekataa kutaja disketi ilikopita, hawezi kurudi kwenye karatasi ya uzito. Wala hawezi kupewa kazi nyingine ndani ya uzio. Kiti chake nikapewa mimi. Hapa wengine huandika walivyofurahi. Mimi kwa muda mrefu nilikikalia kwa nusu ya matako, kama mtu aliyealikwa na mwenye nyumba hayupo.

Jumapili moja nilivuka kwenda Bofu kumtazama. Nilimkuta barazani na Maalim Shee, mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo mwenye ndevu fupi. Maalim alikuwa analia. Nilitaka kurudi, Ami akaniashiria niketi.

"Karisa ni mwanangu, sema tu," akamwambia.

Maalim akasema disketi ilikuwa kwake. Alikuwa akisoma kompyuta jioni, chuo kimoja cha mjini, na huko ndiko alikosahihisha zile dakika. Mashine za huko zilikuja kupatikana zote zina ugonjwa. "Kesho nakwenda nikaseme, Ami. Siwezi kusalisha watu na jambo hili kifuani."

"Utasema nini?"

"Nitasema kweli."

"Kweli wanayo. Fundi wao kawapa, hawakuitaka." Ami alizungumza polepole, bila hasira. "Sikiza, Shee. Wakikupata wewe, watasema ni madrasa. Wataingia kwa watoto, watachukua vitabu, watawachukua na vijana wako wakubwa. Wakinishika mimi, watasema ni kizee kimoja cha Bofu. Basi waache waseme kizee."

"Na jina lako, Ami?"

"Jina langu nimelitumia sana. Si kitu kipya."

Alilisema kama utani, lakini sikumwamini. Alikuwa ameitunza sahihi yake maisha yake yote. Tulikunywa kahawa. Maalim Shee hakwenda kusema, kwa sababu Ami alimtaka aape, akaapa. Nami nilinyamaza nao. Jambo hili naliandika leo kwa idhini ya Maalim mwenyewe, na yeye anataka liandikwe kwa jina lake.

Kazini yaliwekwa masharti, na masharti yenyewe ni mazuri, nisieleweke vibaya. Mashine ya uzito ikatengwa, haikuingizwa kitu kisichopimwa. Uzito wa ndege tupu ukalinganishwa kila mara na chati ya ukutani. Nakala safi ya programu ikafungiwa kabatini. Nawaambia nyinyi mnaochomeka simu kwenye mashine ya kazi ili zipate chaji: virusi havijali kama umekuja na nia njema, wala havijui kama ulichobeba ni ratiba ya kufunga au picha za harusi. Na karatasi ikitoka safi sana, isomeni mara mbili. Lakini sharti na hadithi ni vitu viwili. Mwaka wa kwanza tuliwaambia wageni, "Kuna mzee alikosea." Kisha ikawa, "Kuna mzee wa msikiti." Mimi nilikuwa nasahihisha, kwa sauti yangu hii isiyofika mbali, na hadithi ikanipita. Wageni waliipenda zaidi ikiwa na mtu mbaya ndani yake.

Ami aliishi kwa kuuza karafuu na ubani dukani kwa shemeji yake. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, watoto wake walichanga wakamwambia aende Hija. Hapo tu ndipo nilipojua kwamba maisha yake yote ya kuziwekea ndege uzito, yeye hajawahi kupanda hata moja. Ili apate pasipoti alihitaji cheti cha tabia njema. Akaomba. Hakikutoka. Nilimsindikiza siku moja, naye amevaa kanzu ya Idi. Kijana wa dirishani alitafuta, akarudi.

"Mzee, faili lako halijafungwa."

"Faili gani, baba?"

"La mambo ya ndege."

"Ile ndege ilifika, mwanangu. Muulizeni rubani."

"Mimi sina uwezo, mzee. Njoo baada ya mwezi."

Alikwenda baada ya mwezi, na baada ya mwezi mwingine. Kila mara alimshukuru yule kijana. Njiani kurudi feri alinieleza jinsi mahujaji wanavyopaswa kupangwa wakati wa kurudi, maana kila mmoja huja na maji ya Zamzam na maji ni mazito, wataalamu wasipoangalia watayaweka yote nyuma. Alikuwa ameshaipakia ndege yake kichwani.

Sukari ilimwanza mguuni, ikapanda. Mwaka uliofuata, mahujaji wa Mombasa walipoondoka yeye alikuwa kitandani, na waliporudi alikuwa ameshazikwa. Watu wa Bofu walijaa mpaka barabarani. Kutoka kazini kwetu nilikuwa peke yangu. Hakuna siku iliyotoka barua ya kusema faili limefungwa. Labda bado liko wazi, linamngoja mtu ambaye hahitaji tena kwenda popote.

Msimu wa Hija uliokuja baadaye, kampuni yetu ilihudumia ndege ya mahujaji iliyokwenda moja kwa moja Jedda. Nilikuwa nimetoka kuhakikisha idadi ya abiria nilipoitwa kwa jina. Alikuwa Maalim Shee, ndani ya ihramu, zile shuka mbili nyeupe za Hija, bega moja wazi, ndevu zimeanza mvi. Nilimpa mkono nikamtakia safari njema, nikamwambia nilidhani Hija yake alishakwenda mwaka juzi.

"Yangu nilikwenda," akasema. "Hii si yangu. Nimenuia kwa niaba ya Ami Athumani. Wanawe wamenipa idhini."

Akaenda zake na wenzake, nami nikarudi mezani. Karatasi ya uzito ina mahali pa wanaume, pa wanawake, pa watoto, pa mizigo na pa mafuta. Hakuna mahali pa kumwandika mtu anayesafiri namna ile. Nilimhesabu Maalim mtu mmoja, kama sheria inavyotaka. Nilijumlisha, nikapitia tena, uzito ulikuwa sawa na haukuzidi hata kilo. Nikaweka sahihi, nikampelekea rubani.